Miguu Tuliyopewa

Msomaji atanisamehe nikianza na jambo linaloonekana dogo. Mwaka 2023 mjukuu wangu, kijana wa miaka 19, alikuja kututembelea hapa Morogoro wakati wa likizo. Alinikuta barazani. Baada ya shikamoo na habari za huko atokako, alitoa mfukoni futikamba ya fundi cherehani akaniomba nimpime shavu la mguu. Alinieleza kwamba mtu akijipima mwenyewe huinama, na akiinama kipimo hakiwi cha haki. Nikavaa miwani, nikapiga goti, nikampima. Sentimita 33. Akaiandika namba hiyo katika simu yake, akakunja uso kama mwanafunzi aliyeoneshwa matokeo ya mtihani.

"Miezi miwili, babu," alisema. "Miezi miwili nanyanyua vyuma, nimeongeza nusu sentimita tu."

Baina ya babu na mjukuu utani ni halali, kwa hiyo nilimwambia kwamba kama alitaka miguu minene angefanya busara kuchagua ukoo mwingine wa kuzaliwa. Hakucheka. Alikunja futikamba yake taratibu, kisha akaniuliza, "Kwani ni vibaya kutaka?"

Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka 30, na nimeulizwa maswali mengi ambayo majibu yake nilikuwa nayo kabla muulizaji hajamaliza kusema. Hili halikuwa mojawapo. Nilimwambia aende akaoge, chakula ki tayari. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana swali lake lilikuwa limefungua mlango ambao nilikuwa nimeuegemeza kwa miaka mingi.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe. Shavu la mguu, ambalo wazee wa pwani huliita pia chafu au tafu, ni ile nyama iliyo nyuma ya mguu kati ya goti na kifundo. Ndani yake mna misuli miwili mikubwa. Wa juu una vichwa viwili, nao huanzia juu kidogo ya goti. Ulio chini yake ni mpana na bapa, na huanzia chini ya goti. Yote miwili huungana katika kano moja nene inayoshuka hadi kisiginoni, ile ambayo Wazungu waliipa jina la Achilles, shujaa wa Wayunani. Kazi yake ni kuinua kisigino, yaani kuusukuma mwili mzima mbele kila tupigapo hatua. Mjukuu wangu amenifundisha kwamba ukinyanyua visigino ukiwa umesimama, magoti yamenyooka, msuli wa juu hufanya kazi kubwa. Bali ukikaa kitini na kuweka mzigo juu ya magoti, ule wa juu hulegea na kazi huuangukia wa chini. Ndiyo maana wenye mchezo wa kutunisha misuli hufanya yote mawili.

Nao ni msuli mkaidi. Sababu moja ni kwamba umekwisha kuzoea taabu. Tangu utotoni huubeba mwili mzima maelfu ya hatua kila siku, na ule wa chini una nyuzi nyingi za aina isiyochoka upesi, zinazofaa kwa kusimama na kutembea mchana kutwa. Ili ushtuke unahitaji mzigo mzito kuliko ule wa kila siku, kisigino kishushwe chini kabisa mpaka kano ivutike, mtu atue hapo kidogo, apande tena, arudie hivyo mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi mingi, huku akila maharage, dagaa na mayai ya kutosha. Sababu ya pili haina dawa. Wapo watu ambao nyama ya shavu hushuka hadi karibu na kifundo, na wapo ambao huishia juu, nafasi yote inayobaki ikawa kano tupu. Mazoezi huweza kuinenepesha nyama hiyo, lakini hayawezi kuisogeza ikashuka. Hilo mtu huzaliwa nalo. Sisi ukoo wetu ni wa kano ndefu.

Atakayesema huu ni upuuzi wa vijana na aisikilize lugha yetu. Mwanamke ambaye shavu lake la mguu limejaa husifiwa kuwa ana mguu wa bia, kwa kufananishwa na chupa. Mwenye miguu myembamba, mke au mume, huitwa fito, njiti, korongo. Mimi nilikuwa Korongo. Nilipoanza kufundisha mwaka 1971, vazi la heshima la mwalimu lilikuwa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu hadi chini ya goti. Soksi za namna ile hazimfichi mtu, zinamchora. Wiki ya pili tu nililisikia jina hilo likipita darasani nyuma ya mgongo wangu, nami nikiandika ubaoni. Nilimaliza kuandika sentensi yangu, na kwa muda mrefu nilijisifu kwamba mkono haukutetemeka.

Nilichofanya nyumbani sikujisifu nacho. Nilichukua soksi kuukuu nikazikata nyayo, mapande yaliyobaki nikayavaa chini ya soksi nzima, mguu ukaonekana una mwili kidogo. Nilipooa mwaka uliofuata, mke wangu ndiye aliyeyapinda yale mapande yasifumuke. Hakuuliza ni ya nini. Nilivaa hivyo miaka sita, kwenye joto la Februari na vumbi la Septemba, mpaka Kaunda suti na suruali ndefu zikaniokoa. Baadaye sana nilisoma kwamba Ulaya katika karne ya 18, wanaume walipokuwa wakivaa suruali za kuishia magotini na soksi za hariri, wapo waliotia vitu vya kujazia ndani ya soksi ili mashavu yatokeze, na wachoraji wa vikatuni wakawacheka. Nilifarijika kidogo kujua kwamba upumbavu wangu una historia.

Sasa nifike kwenye lile lililoninyima usingizi. Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu katika mikoa ya kusini. Alikuwepo mwanachuo wa mwaka wa pili, mrefu, mabega mapana, ambaye alijitengenezea vyuma vyake mwenyewe: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Alfajiri kabla ya kengele alisimama nyuma ya bweni juu ya ukingo wa msingi, bomba mabegani, visigino vikining'inia hewani, akawa anashuka na kupanda, anashuka na kupanda. Mkufunzi wa zamu aliniletea habari kwamba ile saruji ilitoka katika mabaki ya ujenzi wa choo. Haikuwa nyingi. Ingetosha kumwita ofisini, kumwonya, na kumpa bustani ya kulima.

Badala yake nilimwita mbele, mstarini, Jumatatu asubuhi, machoni pa wanachuo zaidi ya 300. Siku zile nilikuwa msemaji mzuri na nilijua hivyo. Nilisema taifa halikumleta chuoni kujenga miguu, limemleta ajenge kichwa. Nikatumia methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu wakacheka, na kicheko cha mkutano kwa msemaji ni kama pombe. Nikamwamuru apandishe suruali ili wenzake waone matunda ya saruji ya serikali. Akainama, akaikunja suruali hadi magotini, mguu mmoja, kisha wa pili, kwa utaratibu kama mtu anayetaka kuvuka mto. Miguu yake ilikuwa myembamba kama yangu. Kicheko kilichofuata bado nakisikia. Makopo yalitupwa katika shimo la choo kilekile alasiri hiyo. Yeye alisema tu, "Sawa, Mkuu," akarudi mahali pake.

Jioni wakati wa chakula nilimsimulia mke wangu, nikitarajia naye acheke. Aliendelea kugawa mboga. Alipomaliza akaniuliza, "Na zile soksi zako, uliwaonesha?"

Hatukulizungumza tena.

Msomaji atasema nyani haoni kundule, na kwamba kosa langu ni unafiki tu, insha ingeweza kuishia hapo. Mimi mwenyewe nililifungia jambo hili katika kabati lenye jina hilo kwa miaka mingi, kwa sababu unafiki ni kosa ambalo mtu hulikiri bila kuumia sana. Sote tu wanafiki, basi. Lakini hebu fikiri. Hata kama ningekuwa na miguu ya bia, niliyomfanyia kijana yule yangekuwa mabaya vilevile. Kwa hiyo unafiki hauelezi yote. Tena aibu peke yake haitoshi kueleza, maana vijana hupata aibu nyingi mstarini na nyingine huwafaa. Kuna kitu alichokuwa nacho asubuhi ile, na jioni hakuwa nacho tena. Ni kitu gani?

Katika somo la falsafa ya elimu nilizoea kuwafundisha wanachuo habari za Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa katika dola ya Roma na ambaye husimuliwa kuwa alikuwa kiwete. Yeye aliyagawa mambo yote sehemu mbili: yaliyo katika uwezo wetu, kama vile maoni yetu na matakwa yetu, na yasiyo katika uwezo wetu. Mwili aliuweka katika sehemu ya pili, pamoja na mali na vyeo. Niliupenda sana mgawanyo huo kwa sababu unaandikika vizuri ubaoni, mstari mmoja katikati, huku na huku. Shavu la mguu limenifanya niutilie shaka. Je, liko katika uwezo wangu? Urefu wa nyama yake, hapana. Unene wake, kwa kiasi. Na hicho kiasi ni kiasi gani? Hakuna awezaye kukisema kwa kutazama. Watu wawili hunyanyua mzigo mmoja mwaka mzima, wakala chakula kimoja, huyu akapata sentimita tatu na huyu nusu. Ule mstari uliochorwa ubaoni kwa chaki, katika maisha ya mtu haukuchorwa popote. Mtu huusogelea kwa kazi, wiki baada ya wiki, mpaka mwili wenyewe ugome, na hapo ndipo hujua, na ajuaye ni yeye.

Kijana yule alikuwa akiutafuta mstari wake. Pengine ulikuwa karibu sana, pengine baada ya mwaka mzima angepata nusu sentimita na kuyatupa makopo kwa hiari yake. Mimi nilimtangazia mbele ya watu kwamba amekwisha kufika, nami sikuwa najua. Na linaloniuma zaidi ni kwamba kazi ya mwalimu imejaa matangazo ya namna hiyo. Huyu hesabu si zake. Huyu sauti ya kufundishia hana. Huyu anafaa shule za vijijini. Nimeyasema hayo katika vikao, nimeyaandika katika taarifa, mara nyingine nilikuwa sahihi, na hata nilipokuwa sahihi sikuwa na haki ya kuwa na hakika mapema namna ile.

Yupo mtu mmoja ambaye mara nyingi nimemlinganisha na mwanachuo wangu. Arnold Schwarzenegger, Mwaustria aliyehamia Marekani mwaka 1968 na kutwaa taji la Mr. Olympia mara 7 kati ya mwaka 1970 na 1980, amesimulia mwenyewe kwamba mashavu ya miguu yalikuwa udhaifu wake. Alipofanya mazoezi Afrika Kusini pamoja na Reg Park, Mwingereza ambaye alikuwa kielelezo chake tangu ujanani, alimwona akinyanyua visigino akiwa na mzigo wa ratili 1000, yaani kilo 450 hivi, uzito ambao yeye hakuwahi kuuwazia kwa msuli ule. Akaamua kukata miguu ya suruali zake za mazoezi ili mashavu yake membamba yaonekane na kila aingiaye ukumbini, naye aone haya, na haya hiyo imsukume. Alifanikiwa. (Tuseme kweli yote: amekiri pia kwamba enzi zile alitumia dawa za kukuza misuli, na dawa hizo zimewaua na kuwalemaza wengi wasio na majina makubwa.) Ukitazama kwa mbali ni picha ileile ya mstarini kwangu. Mtu amesimama, miguu iko wazi, watu wanatazama. Lakini suruali aliikata yeye, kwa mkasi wake, siku aliyoitaka.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mguu huohuo ulionifanya nijifiche ni mtaji mahali pengine. Bengt Saltin, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Sweden aliyefanya kazi Copenhagen, pamoja na wenzake, waliwalinganisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya na wale wa Skandinavia, wakaona kwamba wembamba wa mguu chini ya goti ni mojawapo ya faida za Wakenya. Uzito ulio mbali na nyonga hugharimu nguvu nyingi kuurusha mbele katika kila hatua, na mbio ndefu ni maelfu ya hatua. Mwenye shavu jembamba hulipa kidogo. Filbert Bayi wetu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, walimu wote tuliizunguka redio tukashangilia kama wendawazimu, na mimi nilikuwa nimevaa soksi zangu za tabaka mbili. Hakuna aliyeuliza mashavu ya miguu yake yana sentimita ngapi.

Wala jambo hili si geni duniani. Xenophon anasimulia kwamba Socrates alipenda kucheza ngoma ili mwili mzima upate zoezi, maana hakutaka kufanana na wakimbiaji wa masafa marefu, wanene wa miguu na wembamba wa mabega, wala na wapigana ngumi, ambao wao ni kinyume chake. Basi hata Athens, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, walikuwepo watu wenye mabega mapana juu ya fito, na walikuwepo wa kuwatazama. Huyohuyo Socrates alimkemea kijana aitwaye Epigenes kwa kuutelekeza mwili wake, akimlaumu kwamba angezeeka pasipo kujua ungeweza kumfikisha wapi. Nilikuwa nimeyasoma hayo kabla ya mwaka 1994. Kusoma ni jambo moja.

Baada ya siku mbili nilimwita mjukuu wangu barazani nikamweleza habari zote, za soksi na za makopo. Nilimwambia kutaka si vibaya. Nilimwambia pia kwamba nimemchunguza, na kuna mambo mawili yananitia wasiwasi. La kwanza ni zile picha anazozitazama katika simu, kwa sababu hajui katika picha hizo ni mguu upi uliokuzwa kwa vyuma, upi kwa sindano, na upi umepasuliwa na kutiwa silikoni kama madaktari wafanyavyo kwa wenye fedha. Anayejipima kwa picha hizo anatafuta mstari wa mtu mwingine katika mwili wake. La pili alilisema mwenyewe, kidogokidogo: tangu kidato cha tatu hajacheza mpira, naye alikuwa beki mzuri, kwa sababu mpira huchezwa kwa bukta.

Hilo la pili lilinichoma. Miaka mitano kijana ameacha kitu akipendacho ili watu wasione sentimita 33. Mimi nilivaa soksi mbili lakini darasani niliingia.

Hakunijibu juu ya mpira. Aliniuliza, "Babu, yule mwanachuo ulimwomba radhi?"

Ilinibidi nimwambie. Nilimwona mwaka 2012, mazishini kwa mkufunzi mwenzetu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alikwisha kuota kitambi. Alinisalimu shikamoo kwa heshima zote, akanitafutia kiti. Nikamvuta kando chini ya mwembe, nikaanza kusema maneno ya kuzunguka, kwamba yapo mambo ya zamani, kwamba utumishi una makosa yake. Akanikatiza kwa kicheko. "Mkuu, yale ya makopo? Yalishapita." Akanyamaza akitazama watu walioshika majembe. Kisha akasema, "Nilikuwa wiki ya tisa."

Miaka 18 ilikuwa imepita na bado aliijua wiki. Wakati huo tuliitwa kwenda makaburini, nami nikashukuru kuitwa.

"Kwa hiyo hukumwomba," mjukuu wangu alisema.

"Sikumwomba."

Hakusema kitu. Alinyanyuka, akashuka ngazi za baraza, akaanza mazoezi yake hapohapo, mbele yangu, akiwa na ndoo ya maji katika kila mkono.

Nilimpigia simu mwanachuo wangu wiki hiyohiyo. Nilimwambia maneno niliyopaswa kumwambia mwaka 1994, mafupi, bila methali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akauliza hali ya mama, akaniambia mvua kwao zimechelewa. Sijui kama ilimpunguzia chochote. Huenda mimi ndiye niliyepata nafuu, na hilo nalo si la kujivunia.

Mwaka uliofuata, nikishuka kwenye daladala, nilianguka. Haikuwa kuteleza. Nilitaka kujisukuma nifikie ukingo wa barabara, mguu ukakataa. Mtaalamu wa fiziotherapia aliponichunguza aliniambia mashavu ya miguu yangu yamesinyaa, na kwamba kwa mzee hilo si jambo la sura: misuli hiyo ndiyo inayomzuia mtu asipepesuke, na kila ikazapo huisukuma damu ya miguuni irudi juu kuelekea moyoni. Akaniagiza ninyanyue visigino, nimeshika kiti, mara 15, nipumzike, nirudie mara tatu. Nilimuuliza kama katika umri wangu bado yapo ya kupata. Alinieleza habari za utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990: wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee kule Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, walipewa mazoezi ya uzito ya kukaza mapaja kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya mapaja ikakua kwa asilimia 9 hivi. Wawili wakaacha mikongojo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo niliona vigumu kuieleza. Kwa miaka 50 nilikuwa na hakika juu ya miguu hii. Niliwasema wengine kwa hakika hiyo. Kumbe hata siku moja sikuwahi kuiuliza.

Watu wananisifu sasa. Jirani akinikuta ngazini jioni husema mzee anajali afya yake. Kijana akifanya zoezi lilelile huambiwa anajiona. Sikatai kwamba nia zinaweza kutofautiana, lakini nisijifanye mtakatifu mbele ya msomaji: siku ya kwanza ya mazoezi, kabla ya kushika kiti, niliiomba ile futikamba. Nilipata sentimita 31 na nusu. Mjukuu wangu, ambaye sasa anasoma hapa Morogoro na anakaa nasi, aliandika namba yangu chini ya zake. Za kwake zimefika 34 na zimesimama hapo kwa miezi saba, na naona ameanza kuzoea. Jumamosi huenda uwanjani. Huvaa soksi ndefu, lakini huvaa zake moja.

Kila jioni tunasimama pamoja kwenye ngazi ya chini ya baraza, yeye na mzigo wake, mimi na kiti changu, tukitazamana na milima ya Uluguru, ambako wanawake hushuka na mikungu ya ndizi kichwani na kupanda tena bila kuhesabu mara. Tangu wiki ya kumi na moja nimeacha kushika kiti. Jana tulipima tena, ikatoka 32 kamili. Nilifurahi kupita kiasi cha umri wangu. Mjukuu wangu alisema nimeilegeza futikamba, mimi nikasema sikuilegeza, tukabishana mpaka mke wangu akatoka jikoni kutazama kuna nini. Alisikiliza pande zote mbili. Kisha akasema kipimo cha jioni ni cha uongo, miguu ya wazee huvimba ikifika jioni, na kama tunataka ukweli nipimwe asubuhi kabla sijanywa chai. Basi kesho asubuhi.